Mwaka Ambao Chungu Hakikufurika

Paulina Mwakalinga hapendi jiko chafu. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo hakuna kisa. Mkaribishe kwako chai, uone. Macho yake hayaendi kwenye makochi wala kwenye picha za ukutani. Yanakwenda moja kwa moja jikoni, na ukimwona amekaza midomo ujue umeshahukumiwa. Mimi amenihukumu mara nyingi. Ni msusi, nashinda nimesimama saluni hapa Al Khuwair, Maskati, kutwa nzima, nikirudi chumbani sina nguvu ya kusugua jiko la gesi. Yeye huniambia, "Dada Edith, mwanamke jiko." Mimi humjibu kwamba basi mimi ni mwanamume, yaishe.

Ni Mnyakyusa wa Kyela, huko kwenye mchele ambao Watanzania hawaachi kuutangaza kwa sisi Wakenya. Mama yake, Tupokigwe, alilima mpunga maisha yake yote, na jikoni alikuwa na sheria moja isiyo na rufaa: chungu hakifuriki. Chungu kikifurika kinazima moto, kinapoteza chakula, na kinawatangazia majirani kwamba binti wa nyumba hiyo akili yake iko barabarani. Adhabu ilikuwa mwiko mgongoni mwa mkono, papo hapo, bila maelezo. Paulina alichapwa si haba, mpaka mkono ukajifunza wenyewe. Unaweza kuwa unazungumza naye, jiko liko nyuma yake, na sufuria ikianza kupandisha povu mkono unakwenda kinyumenyume na kupunguza moto kabla mwenyewe hajajua. Nimeuona mkono huo ukifanya kazi jikoni kwangu, na nakiri uliniokolea uji.

Alikuja Maskati kumtunza bibi mmoja Mtamil, mjane kutoka kijiji cha mpunga kusini mwa India. Mumewe alipofariki, mwanawe Senthil, ambaye ni mhandisi hapa, akamleta kukaa naye kwenye ghorofa inayotazamana na barabara kuu na majengo ya wizara. Mke wa Senthil ni Kavitha, mwalimu wa shule. Paulina humwita Madam. Bibi mwenyewe alitaka aitwe Paati, maana yake bibi kwa Kitamil, kwa hiyo hata mimi namwita hivyo. Nyonga yake ilikuwa mbovu. Paulina ndiye aliyemwogesha, akamvika sari, akamshika kwenda na kurudi msalani, na usiku akamgeuza asilalie upande mmoja.

Wawili hao hawakuwa na lugha, wakajitengenezea yao. Waliokota Kitamil kidogo, Kiingereza kidogo, "khalas" ya Waarabu, na Kiswahili ambacho Paulina alikimwaga pale bila kuuliza kama kinahitajika. Neno la kwanza Paati alilolijua ni "pole." Kila nyonga ilipomkata, Paulina alimwambia pole, na baada ya muda Paati naye akawa analisema. Paulina akijikata kidole kwa kisu, pole. Senthil akichelewa kurudi kutoka kazini amechoka, pole. Kavitha alidhani ni Kitamil cha kijijini ambacho yeye hakijui.

Januari yake ya kwanza hapa ilipofika, Paulina aliona milango ya majirani Watamil kwenye korido imefungwa miwa mirefu pande zote mbili, na sakafuni mbele ya kila mlango kuna maua yaliyochorwa kwa unga wa mchele. Mlango wao ulikuwa mtupu. Akauliza. Paati akamkalisha kitandani na kumweleza kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Ni sikukuu ya Pongal. Huko kwao mpunga umevunwa, na jua, ambalo miezi yote hiyo limekuwa likielekea kusini, sasa limegeuka kurudi. Basi watu huchukua chungu kipya, wakakiweka mahali ambapo jua linakiona, wakachemsha maziwa na mchele mpya. Maziwa lazima yapande mpaka yafurike. Yakimwagika pande zote watu wote hupiga kelele, "Pongalo Pongal!" kwa sababu mwaka utakuwa wa kufurika hivyo hivyo. Kesho yake hushukuriwa ng'ombe, huoshwa na kupakwa rangi pembe.

Hapo kwenye ng'ombe Paulina alielewa kuliko pote. Mnyakyusa humwambii mara mbili kuhusu kumheshimu ng'ombe. Lakini kumwaga maziwa kwa makusudi? Hilo alilisikia tu kwa adabu.

"Na sisi mbona hatuchemshi?" aliuliza.

Paati alionyesha picha ya mumewe ukutani. Nyumba iliyofiwa haichemshi chungu cha Pongal mpaka mwaka upite. Haifungi miwa wala haichori maua mlangoni. Jua litashukuriwa mwakani.

Kanisani kwetu, mtaa wa Ghala, wapo waliomuuliza Paulina kama siku hizi anaabudu jua. Aliwajibu kwamba yeye anaogesha bibi kizee, na jua halijawahi kumwomba chochote.

Mwezi wa tano mwaka huo, mama yake akafariki. Aliugua siku chache tu. Kaka yake alipiga simu asubuhi, Paulina akiwa amesimama kando ya kitanda cha hospitali, maana Paati alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga na hakuweza kugeuka mwenyewe. Kwenda mazishini haikuwezekana. Siyo kwamba alikatazwa. Kavitha alilia pamoja naye na akasema kama anataka kwenda aende, lakini Paulina alimtazama yule mgonjwa kitandani na kuona mwenyewe kwamba hawezi. Kavitha aliomba jambo moja tu: Amma, yaani mama mkwe wake, asiambiwe. Ndiyo kwanza anaanza kutoka kwenye huzuni ya mumewe, na daktari kasema asisumbuliwe moyo.

Paulina alikubali. Akawa anakwenda kulia bafuni, bomba likiwa wazi. Paati aliuliza kwa nini siku hizi anaoga sana, akaambiwa ni joto. Mwezi wa tano Maskati nani atabisha?

Nataka ieleweke kwamba sisemi Kavitha ni mtu mbaya. Ni mtu mwema aliyefanya jambo ambalo watu wema hulifanya sana, la kuamua kwamba msiba wa mwingine unaweza kungoja. Mimi lilinikera, na Paulina nilimwambia. Alinijibu, "We acha tu, dada," akageuza shingo nimsuke upande wa pili.

Ndugu zake walipanga kujengea kaburi mwishoni mwa Januari, kabla mvua kubwa hazijaanza. Hapo ndipo Paulina alipokataa kukosa. Mazishi yalimpita; kaburi halitampita. Alikuwa mtoto wa kike wa pekee, na kwao binti ndiye anayewapikia waliokuja kujenga. Alimwomba Madam ruhusa mapema, tangu Desemba. Madam alisema, "Tutaona baada ya Pongal." Tangu siku hiyo Paulina hakuwa na wimbo mwingine. Kila nikimsuka ni hilo hilo: Pongal ikienda vizuri, Paati akifurahi, Madam naye atafurahi, ruhusa itatoka. Aliiombea sikukuu ya watu wengine kuliko walivyoiombea wao.

Na hakuishia kwenye kuomba. Alimpeleka Paati sokoni Matrah kuchagua chungu cha udongo, Paati akivigonga kimoja kimoja kwa kidole na kusikiliza, muuzaji akivuta pumzi za uvumilivu. Siku moja kabla ya sikukuu ni siku ya kutupa vya zamani. Paulina alisafisha nyumba mpaka ndani ya droo, na lile jiko dogo la gesi ambalo lingewekwa barazani akalisugua mpaka ukaweza kujitazama na kupaka wanja.

Asubuhi yenyewe jua lilikuwa zuri, kile kijibaridi cha Januari ambacho watu wa hapa hukivalia sweta. Senthil aliomba ruhusa ya nusu siku. Kavitha alivaa hariri. Mlangoni kulikuwa na miwa na maua ya unga. Paati aliketi kwenye kiti barazani, mbele yake chungu kipya kimefungwa shingoni mche wa manjano mbichi wenye majani yake, maziwa ndani, moto chini. Mchele, choroko, sukari guru, samli, korosho na hiliki vilisubiri kwenye sinia. Paulina alisimama kando kushika kiti, maana ndiyo kazi yake.

Maziwa yakiwa yanakaribia, simu ikalia. Walikuwa ndugu wa kijijini, nyumba nzima imejipanga kwenye skrini, wanataka kuona. Senthil akaielekeza simu kwenye chungu. Kavitha akainama ili naye aonekane. Paati akajitengeneza sari. Kwa kitambo hicho kidogo hakuna aliyetazama maziwa, ila mtu mmoja ambaye hata yeye hakuwa anayatazama. Alikuwa anafikiria kaburi.

Povu likapanda mpaka mdomoni mwa chungu. Mkono ukaenda.

Watu wa kijijini walishuhudia vizuri kuliko wote: mkono mweusi wenye bangili ya shaba ukiingia kwenye picha, ukishika swichi ya jiko na kupunguza moto. Maziwa yakashuka, yakatulia chini kabisa kama hayakuwa na nia. Jiko lilibaki linang'aa. Hakuna hata tone.

Kwenye simu mwanamke mmoja alisema, "Ayyo!" Hilo halihitaji kutafsiriwa.

Paulina aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. Aliniambia baadaye kwamba aliliona kaburi likijengwa bila yeye, pale pale, tofali kwa tofali. Kavitha alikuwa wa kwanza kusema. "Paulina! Nini hiki?" Kisha akajizuia, akainama kuongeza moto tena, akisema haidhuru, yatapanda tu, maziwa ni maziwa.

Paati akainua kiganja. Kavitha akasimama.

"Kwa nini?" Paati alimuuliza Paulina, si kwa ukali.

"Mama," alisema Paulina. Lilikuwa neno pekee lililokuja. Halafu mengine yakafuata, nusu kwa maneno na nusu kwa kujipiga mgongo wa mkono: "Mama yangu alinifundisha. Chungu kikifurika, ananichapa na mwiko. Samahani, Paati. Samahani sana. Ni mkono tu."

Paati alielewa, na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea likatokea: akacheka. Alicheka mpaka akashika nyonga. Kwake lilikuwa jambo la kufurahisha kwamba kuna mwanamke mahali fulani Afrika aliyemkomalia mtoto wake hivyo juu ya chungu. Akanyoosha mkono kwa Senthil, ampe ile simu.

"Mama yako, piga simu," alimwambia Paulina kwa Kiswahili chake. "Mimi sema yeye. Leo mwaga. Leo hakuna piga."

Paulina alirudi kukishika kiti.

"Piga, piga. Mimi sema na mama."

"Mama hayupo, Paati," Paulina alisema. "Alikufa."

Paati aliijua "kufa." Alikuwa amejifunza kwa ajili ya mumewe. Aliuliza lini. Paulina akamtazama Kavitha, Kavitha akatazama sakafu.

"Mwezi wa tano. Wewe ulikuwa hospitali."

Hapo Paati hakucheka tena. Aliinama mwenyewe, bila kushikwa, akazima jiko. Akaufungua ule mche wa manjano shingoni mwa chungu na kuuweka juu ya sinia. Kisha akaanza kumsemesha mwanawe kwa Kitamil, polepole kwanza, baadaye si polepole. Senthil mwenyewe ndiye aliyekuja kumweleza Paulina yaliyosemwa, jioni, kwa aibu, neno kwa neno, kwa kuwa mama yake alimwagiza asipunguze.

Paati alisema: "Kuna msiba ndani ya nyumba hii tangu mwezi wa tano, na mmenivisha sari mpya nikae mbele ya chungu."

Senthil alisema, "Amma, sheria ni ya ndugu wa damu. Huyu si wa ukoo wetu."

Paati alisema: "Ukoo wetu uko kwenye simu hapo. Waulize ni nani kati yao anayeniogesha. Waulize ni nani anayenigeuza usiku. Mama wa mtu huyu alikufa akimngoja, na mtu huyu alikuwa amenishika mimi. Kama hilo si damu, basi damu ni ya nini?"

Kijijini walikuwa wanauliza kwa sauti nani amekufa, nani amekufa. Paati akawajibu mwenyewe: "Mama wa Paulina. Mwaka huu hatuchemshi." Akakata simu. Senthil anasema huyo mama hajawahi kukata simu maishani mwake. Hakujua hata kama anajua kuikata.

Alimgeukia Paulina, akamshika ule mkono uliofanya kosa.

"Pole," alisema.

Paulina alikuwa ameshalia miezi minane kwa bomba la maji. Siku hiyo alilia barazani, mbele ya wizara zote za serikali, na bibi kizee akilia naye. Kavitha aliondoa miwa mlangoni. Akafuta pia maua ya unga aliyokuwa ameinamia tangu alfajiri, na nampa heshima yake kwa hilo, kwa sababu hakuambiwa. Maziwa hayakutupwa. Walipikia chai.

Ruhusa ilitoka mchana ule ule, na tiketi jioni. Kavitha alichukua likizo shuleni ili amtunze mama mkwe wake, na kwa wiki zile Senthil alijifunza kumvika mama yake viatu. Mara ya kwanza alivigeuza, cha kushoto kulia. Paati alimpa Paulina kifurushi cha sukari guru na hiliki apeleke kwa mama. Huko Kyela kaka zake walidhani ni dawa, wakaogopa kukigusa. Paulina akawapikia wajenzi wali, chungu kikubwa juu ya mafiga, na hakikufurika, maana pale palikuwa nyumbani kwa Tupokigwe na sheria ilikuwa bado inatumika. Kaburi likajengwa, akaliona kwa macho yake. Akarudi Maskati.

Wengine husema Paulina ana bahati ya mabosi. Neno hilo silipendi. Mtu akitendewa kama mtu tunaita bahati, ndiyo maana wengine hawaoni haya kutotenda.

Kaka yake mdogo alilima shamba la mama msimu ule, na mavuno yalipotoka alituma mfuko wa mchele kupitia mtu aliyekuwa anarudi huku Maskati. Kavitha alitaka kuupika wageni walipokuja. Paati akauweka chini ya kitanda chake na kusema khalas, huo una siku yake.

Januari hii na mimi nilialikwa. Nilikwenda asubuhi kumsuka Paulina kwanza, hapo hapo barazani, kisha nikakaa kwenye kigoda na vichana vyangu mapajani. Chungu kilikuwa kile kile. Kilikuwa hakijafurika hata mara moja, kwa hiyo Paati alisema bado ni kipya. Maziwa ndani, manjano shingoni, na kwenye sinia mchele wa Kyela ukinukia hata kabla ya kuiva, nami nikanyamaza kwa ajili ya amani kati ya nchi zetu. Jiko lilikuwa limesuguliwa kama kawaida. Safari hii Senthil hakupokea simu ya mtu.

Paulina alisimama kando ya kiti, mikono ameifunga ndani ya khanga, ameikaza kabisa kiunoni. Maziwa yakaanza kupanda. Niliiona ile khanga ikitikisika upande wa kulia. "Tulia," nilimwambia, "aki Paulina, tulia." Paati akapeleka mkono wake bila kugeuka, akaushika ule mkono juu ya kitambaa na kuubana.

Povu lilifika mdomoni, likavimba, likamwagika. Lilimwagika pande zote, likateremka kwenye udongo, likafika kwenye jiko lile safi na kuungua kwa harufu, na sote tukapiga kelele, "Pongalo Pongal!" hata mimi ambaye nilikuja kula tu. Paulina alipiga kelele kuliko wote. Halafu akaangalia jiko, maziwa yakiungua na kuwa meusi kuzunguka moto, na uso ukamkunjika.

"Mama angenichapa," alisema.

Paati akauokota mwiko kwenye sinia. Akautoa mkono wa Paulina ndani ya khanga, akaugeuza, na akaugonga mgongoni kwa mwiko, mara moja, taratibu. Kisha akampa mwiko huo aanze kutia mchele.